Pini Iliyolaza Frigo

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Siku ya kihistoria. Naandika mapema kabla watu hawajaipotosha.

Papa Lukumani ametuita mbele ya meza yake, mimi na Nadège. Karakana nzima ni sisi wawili, yeye mwenye mali, na jenereta. Habari: kiwanda kinachotutengenezea bodi kimebadilisha chipu ya Bluetooth bila kuuliza mtu. Bodi mpya zimefika. Bluetooth kimya! Na boksi letu bila Bluetooth ni kopo la rangi ya bluu.

Nieleze, kwa ajili ya watakaosoma maisha yangu. Boksi letu hukaa kando ya frigo, yaani friji ya chanjo, katika vituo vya afya. Ndani mna bodi ndogo inayoendeshwa na Linux. Kipimajoto kilichomo ndani ya frigo hutuma digrii kwa Bluetooth, boksi huzionyesha kwenye kioo, na joto likizidi hupiga king'ora. Boksi hilohilo ndilo linaloipa frigo umeme wa betri za sola, kupitia swichi ndogo inayolia tik.

Sasa chipu. Kitu cha USB ukikichomeka hujitambulisha, jina na ukoo, kama mgeni mwenye adabu. Chipu yetu imefungwa mwisho wa nyaya za serial, na aliye mwisho wa nyaya hizo hajitaji. Bubu kabisa. Linux haijui kama huko kuna mtu. Lazima uandike katika faili la maelezo ya bodi, chini ya mlango wa serial: hapa imekaa chipu ya aina hii, kasi yake ni hii, tunailaza na kuiamsha kwa pini hii, nayo ikiwa na neno la kusema huigonga Linux kwa pini ile. Mistari michache. Kazi ya asubuhi moja.

Papa Lukumani amesema atakayeifanya Bluetooth iseme ndiye atakuwa chef, mkuu wa kazi ya Yangambi. Vituo vyote vya kandokando ya mto! Safari kwa baleinière, ile mashua ndefu ya injini! Kofia yenye jina la karakana! Kisha akampa Nadège faili. Nadège, aliyekuja juzi! Mimi nikapewa brashi nipake maboksi rangi.

Nimetabasamu. Nimepaka rangi. Moyoni nimetangaza vita.


Jumanne, tarehe 8

Mpango wa kwanza: kuchukua faili la bodi za zamani na kubadilisha jina la chipu tu. Kwa nini kupika upya chakula kilichokwisha kuiva?

Nimebadilisha. Nimewasha. Linux ikaiita chipu, ikangoja, ikaiita tena, ikakata tamaa. Ikaniandikia kwamba hakuna aliyejibu. Nikaongeza kasi mara mbili. Hakuna. Nikapunguza. Hakuna. Nikapiga bodi kofi dogo la kirafiki. Nadège akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nafukuza mbu.

Yeye amekaa na kitabu cha chipu siku nzima, ukurasa kwa ukurasa, huku akipima pini kwa mita. Anaandika mstari mmoja, anapima, anaufuta. Polepole hivyo! Kwa mwendo huo frigo za Yangambi zitaota ukungu.

Nimepaka maboksi manne na shati langu moja.


Jumatano, tarehe 9

USHINDI!

Adhuhuri Nadège alitoka kununua kwanga ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, akaacha kompyuta wazi. Faili lote limekaa kwenye kioo kama samaki kwenye sahani. Nimechukua simu. Nimepiga picha. Siiti wizi. Wanafunzi hutazama ubao.

Nimenakili kila kitu isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa pini ambayo chipu huitumia kuigonga Linux. Sikuuelewa, na kitu nisichokielewa sikiachi kinichafulie kazi. Nimeufuta.

Nimewasha. Kipimajoto cha majaribio kilikuwa mezani, kile tulichokipanga kiseme bila kunyamaza hata sekunde moja. Na hapo, kwenye kioo: digrii 31! Ndiyo joto la karakana! Bluetooth imesema!

Nimepiga kelele mpaka Papa Lukumani akatoka chooni. Ametazama, amenikumbatia, amesema al-hamdu lillahi, ameshangaa kwamba kichwa changu kina matumizi. Nadège amerudi na kwanga mkononi akauliza nimeijuaje pini. Nikasema ni uzoefu. Akauliza tena, pini gani hasa. Nikasema uzoefu hauna namba.

Papa Lukumani ameamua: kesho boksi la kwanza livuke mto kwenda Rive gauche, ng'ambo ya kushoto, kituo cha afya cha Lubunga, kwa Mama Priscille. Ijumaa ni siku ya chanjo ya watoto. Boksi likifanya kazi huko, Yangambi ni yangu.

Nadège amebaki na faili lake. Amesema atalimaliza hivyohivyo. Maskini. Wengine hawajui mbio zikiisha.


Alhamisi, tarehe 10

Asubuhi utukufu, jioni majuto.

Nimevuka kwa pirogue, mtumbwi wa kasia, boksi magotini kama mtoto. Mama Priscille, nesi mkuu wa kituo, ni mama mnene mwenye sauti ya katekista, na haamini mtu aliye chini ya miaka hamsini. Amenitazama nikifunga nyaya. Amesema, “Arthur, ndani ya hii frigo kuko chanjo ya batoto wa quartier muzima. Unasikia?” Nikamwambia mama, hii ni teknolojia. Amesema hakuuliza jina lake, ameuliza kama nimesikia.

Nimewasha. Digrii 4 kwenye kioo. Safi! Kipimajoto cha kituo kimepangwa kusema mara moja kwa saa, ili kisimalize betri yake. Sikuona sababu ya kungoja saa nzima nikitazama namba ambayo nimekwisha kuiona. Mama Priscille amenipa ndizi na karanga. Nimeondoka kama gavana.

Nimerudi karakana. Nadège alikuwa anakusanya vyombo vyake aende nyumbani. Akanipongeza. Kwa moyo safi, hilo ndilo baya. Akasema heri nimetumia njia yangu, maana ile ya kwake ya jana ilikuwa karibu kuleta msiba. Nikacheka. Nikauliza msiba gani. Akasema, “Kaka Arthur, ku bodi mpya walihamisha pini. Ile niliandika ya kulaza chipu, haiko ya chipu tena. Iko ya swichi ya frigo. Chipu ikilala, frigo inakatika! Leo ndiyo nimesikia tik.”

Nikamuuliza, polepole, kama chipu hulala mara nyingi.

Akasema hulala kila ikikosa kazi sekunde chache. Na kama hakuna mstari wa pini ya kugonga, hailiamshi boksi tena. Kioo kitabaki na namba ya mwisho, hata frigo ichemke.

Digrii 4. Mara moja kwa saa. Mstari niliofuta.

Nadège akaaga. Nimekaa peke yangu na rangi ya bluu. Nimepiga simu kituoni, imezimwa. Nimekimbia hadi beach, kwenye gati la mitumbwi, kwa toleka, baiskeli ya abiria. Upepo, mvua nzito, mto umevimba, hakuna anayevuka. Ningeweza kwenda kwa Papa Lukumani nimwambie. Nimefika hadi mlangoni kwake. Nimesikia anamsifu fundi wake Arthur mbele ya wageni wake. Nimegeuka.

Mpango: alfajiri nivuke wa kwanza, niunganishe frigo moja kwa moja na betri, nibadilishe faili, nirudi kabla mtu hajapiga mswaki. Hakuna atakayejua. Mpango mzuri.


Ijumaa, tarehe 11

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kituo. Mguu mmoja hauna kiatu.

Pirogue ya kwanza ilijaa wamama wenye watoto. Nilibanwa kando ya mama mmoja kijana, Marie-Jeanne, kutoka upande wa barabara ya Bengamisa. Alilala kwa shangazi yake mtaa wa Makiso ili awahi chanjo. Mtoto wake wa kike alikuwa anatafuna kamba ya begi langu. Marie-Jeanne aliona kompyuta akaniuliza kazi yangu. Ulimi wangu ukajibu kabla yangu: ingénieur, mhandisi wa frigo ya chanjo.

Akafurahi. “Aksanti sana, papa ingénieur. Ule wangu wa kwanza alikufa na rougeole, ile surua. Huyu, hapana.” Kisha akauliza, “Ile mashini yenu iko natumika muzuri?”

Nikatazama maji. Nikasema ndiyo.

Akawatangazia wamama wote kwamba ingénieur yumo ndani ya pirogue. Wakanipigia makofi. Mmoja akanipa chungwa. Sijawahi kushika chungwa zito vile. Nilimwambia mpiga kasia aongeze nguvu, akasema mto hauna mkubwa wala ingénieur.

Nimefika nikikimbia. Kiatu kimoja kimebaki kwenye tope la beach, na sikurudi kukichukua. Kituoni madawati yamejaa tayari. Mama Priscille amevaa koti jeupe, meza imetandikwa, sindano ziko tayari. Nimeingia chumba cha frigo. Kioo cha boksi: digrii 4. Kizuri, cha kijani, kitulivu kama mwongo aliyezoea. Nimeweka sikio kwenye frigo.

Kimya. Hakuna hata ngurumo ya nzi.

Nikaanza kufungua skrubu za boksi. Mama Priscille akatokea mlangoni. “Wee Arthur! Unatafuta nini mu frigo yangu?” Nikasema ni matengenezo kidogo, mama. Akasema matengenezo yatangoja chanjo iishe. Boksi linasema nne, nne ni muzuri, nitoke kwenye njia yake. Akanisogeza kwa nyonga. Nikasema mama, ngoja. Akauliza angoje nini. Nikasema... sikusema kitu! Kinywa kilikuwa wazi, maneno yalikuwepo, mafupi kabisa: frigo imezimika tangu jana na kosa ni langu. Niliyaona. Hayakutoka.

Nyuma yake alikuwa amesimama Marie-Jeanne, wa kwanza kwenye mstari, akimfungulia mtoto mkono wa gauni.

Mama Priscille akaushika mfuniko wa frigo.

Hapo nikapiga kelele: “Umeme! Frigo iko na umeme! Musiguse! Itaua mutu!”

Ee Mungu wangu. Madawati yalianguka. Wamama walitoka kwa mlango na kwa dirisha. Mzee aliyekuja kutibiwa goti alimpita kila mtu. Sindano zilimwagika. Marie-Jeanne alimkumbatia mtoto akakimbia hadi barabarani, analia kwa sauti, na mimi nikaisikia sauti ile juu ya zote.

Mama Priscille hakukimbia. Alizima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, akageuka, akanitazama. Nikafikiri ataniuliza najuaje. Badala yake akasema hajaisikia frigo ikinguruma asubuhi hii, akauliza kitu kibaya zaidi: imezimika tangu lini?

Nikasema labda tangu jana.

Akakaa kwenye kiti. Sijawahi kumwona amekaa. Akasema taratibu kwamba hizi ndizo chupa pekee mpaka mwezi ujao.

Tukafunga mlango. Akafungua mfuniko kwa haraka, akatoa chupa ya juu. Kila chupa ya chanjo ina alama: duara, na ndani yake mraba mweupe. Joto likiipata, mraba hugeuka mweusi polepole. Ukifikia rangi ya duara, chanjo imekufa, tupa. Aliipeleka dirishani. Mimi sikutaka kutazama. Nilitazama ukuta, pana picha ya mama akinawa mikono.

Akasema, “Bado nyeupe.”

Akatoa ya pili, ya chini kabisa. Nyeupe, ila imeanza kuwa na kivuli. Akatia kipimajoto chake cha kioo ndani. Tulingoja. Zebaki ikapanda, ikapanda, ikasimama kwenye saba. Mwisho unaoruhusiwa ni nane.

Kuta nene za frigo na vipande vya barafu ndivyo vilivyowaokoa watoto wa Lubunga. Mimi nilikaa sakafuni.

Tukahamisha chupa zote kwenye masanduku ya barafu. Alinituma kwa muuza samaki kuomba barafu zaidi, nikaenda na kiatu kimoja, nikarudi nimekumbatia vipande kifuani mpaka nikafa ganzi. Njiani nilimkuta Marie-Jeanne. Hakutaka kurudi. Nikamwambia hatari imekwisha, arudi, chanjo iko nzuri. Aliniuliza kama nasema kweli mara hii. Sijui kwa nini alisema “mara hii”. Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli, na nikaona ajabu jinsi neno lilelile linavyoweza kuwa jepesi.

Nadège akafika kwa pikipiki, amelowa, na boksi lingine begani. Usiku faili langu lilimtia wasiwasi, asubuhi akalifungua, akaiona pini. Alifunga boksi lake, akatoa kipimajoto, akakipasha mkononi, akakirudisha, akakaa mbele ya kioo na kungoja saa nzima mpaka namba ikabadilika yenyewe. Frigo ikanguruma. Ndipo akapumua.

Watoto wamechanjwa wote. Binti ya Marie-Jeanne alilia sana. Sauti nzuri.

Mama Priscille amewaambia wamama kwamba ni mimi niliyegundua hatari. Wamenipigia makofi tena. Nimeinua mkono. Nadège alikuwa ananitazama. Nimeushusha, lakini si haraka sana.


Jumamosi, tarehe 12

Kikao kwa Papa Lukumani. Nilijiandaa. Mpango: kusema kwamba niliacha kosa makusudi, kama mtego, ili kupima uangalifu wa karakana. Nimeurudia mbele ya kioo, ulisikika vizuri.

Nadège hakunishtaki. Alikaa tu, mikono magotini. Papa Lukumani alikuwa amepigiwa simu na Mama Priscille, ambaye usiku alikuwa amefikiri na kuhesabu kwamba mtu hawezi kujua “tangu jana” bila kujua tangu jana.

Alinisikiliza mpaka mwisho wa mtego. Kisha akasema, “Arthur, mutoto yangu. Niambie kitu kimoja tu. Pini ya kuamusha chipu, ku bodi mpya, iko gani?”

Bodi ina pini arobaini. Nilimtazama Nadège. Alikuwa anatazama dari.

Nikasema, “Ile ya katikati.”

Papa Lukumani akasema astaghfirullah, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana. Akasema mama mmoja wa Lubunga angeweza kuzika mtoto mwezi ujao, akidhani amechanjwa, na hakuna ambaye angejua ni kwa sababu gani. Hata mimi, akasema, ningekuja matangani na kula.

Nililia kidogo. Kweli, bila kupanga.

Hukumu: Nadège ni chef wa Yangambi, anaondoka Jumanne kwa baleinière. Kofia imemkaa vizuri, lazima nikubali. Mimi sifukuzwi. Kuanzia sasa hakuna boksi litakalotoka karakana bila kukaa siku nzima, mchana na usiku, limefungwa kwenye frigo, kipimajoto kikisema mara moja kwa saa kama vituoni. Na mtu wa kuyalinda ni mimi. Nimeapa kwa jina la mama yangu kwamba nimebadilika. Sitapita tena njia ya mkato. Nadège amenipa mkono. Nimekuwa mtu mpya.


Jumatatu, tarehe 14

Mtu mpya ameamka saa kumi na mbili, amepanga maboksi ya Yangambi mezani, amekaa mbele yake. Kazi ya kuchunga mawe. Boksi halifanyi kitu. Linaonyesha nne. Baada ya saa moja linaonyesha nne. Unatoka kidogo, unarudi, nne.

Programu ya majaribio aliyoiandika Nadège huhesabu saa ishirini na nne, kisha huandika SAFI kwa herufi kubwa. Lakini nimegundua jambo ambalo yeye, pamoja na vitabu vyake vyote, hakuliona. Programu huhesabu kwa kutazama saa ya boksi lenyewe. Na saa ya boksi inasogezwa kwa amri moja tu!

Huu si mkato. Mkato ni kuruka kazi. Mimi nimeisogeza siku tu ije karibu.

Kabla ya chakula cha mchana maboksi yote yamepata SAFI. Nimeyafunga kwenye makatoni, nimebandika jina langu juu, nimekula pondu, kisamvu changu, kwa amani. Papa Lukumani amepita, ameona makatoni, ameshika kichwa changu kwa mikono miwili, amesema mtu kweli anaweza kubadilika.

Nadège amekuja jioni kuchukua mzigo. Amefungua katoni moja akauliza kwa nini boksi linadhani leo ni Jumanne. Nimemwambia haya ni maboksi ya kisasa, yanatangulia.

Sasa hivi ameketi sakafuni, kofia kichwani, anafungua makatoni yote moja baada ya jingine. Wivu ni ugonjwa mbaya.